Kura ya Mia Nne Ishirini na Tatu

Saint-Ovide, Malbrun,
Mkoa wa Quebec.
4 Februari 1873.

Mpendwa Dada Delvina,

Kabla ya salamu nina ombi. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukimaliza usimwambie mtu hata neno moja lililomo. Usimwambie shemeji Ludger, wala padre wa huko, wala wale wenzetu wa Malbrun mnaofanya nao kazi kiwandani, kwa sababu wana ndugu huku na wanaandikiana kila wiki. Tangu utotoni siri kubwa niliyokuomba ni ile ya doli lako lililoungua. Hii imeipita.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Hujambo, Dada? Kile kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua? Mama anasema unywe maziwa ya moto yenye kitunguu, hata kama watu wa Lowell huko Marekani watakucheka. Alma ameota meno mangapi? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, ila mguu wake wa kushoto huvimba baridi ikizidi, na mwaka huu imezidi. Mto umeganda tangu mwisho wa Novemba, na magari ya farasi yanapita juu yake kama barabara. Yule ng'ombe mwekundu uliyempa jina la Malkia alizaa wiki iliyopita, ndama jike.

Anayekuletea barua hii ni Mjane Arthémise, anayekuja kukaa kwa binti yake. Hajui kusoma na hana tabia ya kuuliza. Amekuletea pia blanketi la vitambaa. Usilitandike. Mama amelishona kwa uzi mweupe pande tatu na kwa uzi wa bluu upande wa nne. Kata ule wa bluu. Ndani kuna kitabu. Nakusihi usikifungue mpaka umalize kusoma, maana kina damu.

Dada, mwezi wa Julai mwaka juzi padre alikuandikia kwamba Baba aliteleza juu ya gari la nyasi, akaangukia kichwa, akafa bila kuteseka. Mimi nami nilikuandikia hivyohivyo, na barua tano baada ya hiyo sikusema vingine. Si kweli. Baba aliuawa siku ya kupiga kura, nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale alipofia, na kalamu mkononi.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu nisipofuata utaratibu nitaanza kuruka mambo.

Unakumbuka jimbo letu la uchaguzi lilivyozaliwa. Mwaka wa 1867, nchi ilipopata katiba mpya, wakubwa walizikata parokia zetu tano kutoka majimbo mawili ya zamani, wakaziita Malbrun, tukaambiwa tuna mtu wetu wa kutusemea Quebec. Ulikuwa bado nyumbani. Unakumbuka uchaguzi ule wa kwanza, watu wa kiwanda cha mbao waliposhuka na mipini ya shoka, na Onésime wa kinu cha unga akarudi bila sikio. Wewe ndiye uliyemfunga kitambaa. Uchaguzi wa marudio wa mwaka 1869 hukuuona. Safari hiyo Wekundu, yaani chama cha waliberali, ndio waliong'oa mbao za daraja ili Buluu wa ng'ambo, yaani wahafidhina na watu wa kiwanda cha mbao, wasivuke, na farasi watatu pamoja na kijana mmoja wa familia ya Bérubé wakatumbukia mtoni. Kijana alipatikana siku ya nne, chini ya magogo. Hakuna aliyeshtakiwa. Nakala za makaratasi hayo yote zimepita mikononi mwangu hapa ofisini kwa Bwana Bellavance, mtunza makaratasi ya jimbo, na naweza kukuambia kwamba jimbo letu halikuwahi kufanya uchaguzi bila mtu kuumizwa au kuzikwa. Lakini nilipoteuliwa kuwa karani wa kura mwaka 1871 nilifurahi. Nilinunua kola mpya.

Unajua tunavyopiga kura. Kila mtu husimama mbele ya meza, hutaja jina, kazi na ardhi yake, kisha hutaja mgombea kwa sauti. Karani huandika. Halafu wakala wa kila upande huenda dirishani na kuwatangazia walio nje hesabu ilipofikia. Ubaya wote unatokana na dirisha lile. Mtu aliye nje anajua, kwa kila kura, kama upande wake unashinda au unashindwa, na anajua sauti ya nani imefanya hivyo. Siku ile kila Philias Drapeau alipotoa kichwa nje, nilisikia kwanza kelele, kisha mbao zikigonga mifupa. Philias huyo ni yule niliyesoma naye seminari, sasa anaandika vitabu vya hesabu vya kiwanda cha mbao. Alikuwa wakala wa Buluu.

Tulikuwa ndani ya shule. Naibu msimamizi alikuwa Mzee Elzéar Quirion, mhunzi, aliyekubali kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Siku ya pili ya kupiga kura, saa tisa alasiri, kitabu changu kilikuwa na kura mia nne ishirini na mbili. Mwekundu, yaani Daktari Pinsonneault, alikuwa mbele kwetu kwa kura kumi na nne. Parokia za juu ya mto zilikuwa zimekwisha kufunga, na huko mgombea wa Buluu alikuwa mbele kwa kumi na nne. Walikuwa sawa kabisa, na kila mtu uwanjani alijua. Wakata magogo wa kiwanda walikuwa wamezuia ngazi ya shule. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyepita.

Niliwasikia wakimchezea mzee mmoja. Nyapara wao, Médard Hébert, alikuwa amekaa kwenye ngazi kama mtu anayeota jua.

"Unakwenda wapi, babu? Shule imefungwa, mwalimu anaumwa tumbo."

"Nimekuja kusema neno moja tu," yule mzee akajibu.

"Liseme hapa. Sisi tutalifikisha."

"Wewe Médard hukuweza kufikisha hata ng'ombe wa marehemu mama yako malishoni. Nipishe."

Watu wakacheka, hata wakata magogo wenyewe. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kupitia dirishani nilimwona Médard akiinuka, akiukamata mpini wa shoka kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, na kofia ya majani ikaruka. Dada, ile kofia niliitambua. Ilikuwa na utepe wa kijani uliousuka wewe. Nikajiambia kofia za namna hiyo ziko nyingi. Nikachovya kalamu. Tangu siku ile najiuliza ningekuwa mtu wa namna gani kama ningeinuka, na jibu silipati. Sheria inasema karani asiondoke mezani na kitabu kikiwa wazi. Niliishikilia sheria hiyo kwa sababu niliogopa.

Alipigwa mara mbili. Ya pili niliisikia, sikuiona. Kisha akaingia, akiwa amepanda ngazi kwa magoti na viganja, na pale mlangoni akasimama, akaja mezani kwa miguu yake. Nusu ya uso wake haikuonekana kwa damu. Sikio la upande huo lilikuwa limechanika, na juu yake palikuwa na bonde ambalo halipaswi kuwepo kwenye kichwa cha mtu.

Nikasema, "Baba."

Mzee Elzéar alikuwa mweupe kama chaki. "Muulize, Cyprien," akaninong'oneza. "Muulize upesi, aketi."

Nikamuuliza. Nilimuuliza baba yangu mzazi jina lake.

"Unanijua," Baba akasema.

"Lazima ulitaje, Isidore," Elzéar akamwambia. "Kitabu hakimjui mtu."

"Isidore Lavertu."

"Kazi yako?"

"Mkulima."

"Ardhi yako?"

"Ekari tisini, safu ya tatu ya mashamba." Akapumua. "Huyu anayeniuliza alinisaidia kung'oa visiki vyake."

Hapo Philias akasema kile alichokuwa na haki ya kusema kisheria. Alisema bila kumtazama mtu. "Namtaka aape."

"Mwangalie mwenzio, Philias," Elzéar akamwambia. "Una macho?"

"Sheria inaniruhusu. Aape kwamba ardhi ni yake."

Kwa hiyo nikasoma kiapo. Ni kirefu, kina mistari kumi na minane, nami nilikisoma chote. Ningeweza kuruka. Hakuna mtu chumbani ambaye angenizuia, hata Philias, maana wakati huo alikuwa amegeukia ukutani. Lakini niliogopa kura isije ikabatilishwa kwa kosa langu, na Baba amekuja vile. Akaweka kiganja juu ya Injili, na alipokiondoa alama ya vidole vitano ilibaki kwenye jalada. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka kidevuni kwake hadi kwenye meza. Nilikisogeza kitabu kando kisichafuke. Tone moja likakiwahi.

"Unampigia nani?" nikauliza.

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha akalitaja jina kwa sauti ya kuita mtu shambani. "Pinsonneault."

Nikaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Nisomee."

Nikamsomea mstari wote. Akatikisa kichwa kidogo, akaenda kwenye lile benchi la watoto wa darasa la kwanza, akaketi magoti yakiwa juu karibu na kidevu kwa jinsi lilivyo fupi, akaegemea ukuta. Nami, kwa kuwa sheria inasema karani aandike jambo lolote lisilo la kawaida, nikaandika pembeni: *Saa tisa na dakika kumi. Mpiga kura ana jeraha kubwa kichwani na anatoka damu. Ameapa.* Nilipoinua macho alikuwa amekufa, macho wazi, anatazama ubao wa hesabu.

Philias alikwenda dirishani. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya siku mbili. Akatangaza kwamba Mwekundu yuko mbele kwa moja.

Waliingia kwa mlango na kwa madirisha. Walitaka kitabu, kwa sababu bila kitabu hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna mshindi. Elzéar alivunjwa mkono mahali pawili kwa mguu wa kiti. Mimi nilipigwa tumboni na mdomoni, na meno mawili ya mbele unayoniulizia kila barua ndipo yalipokwenda. Hayakung'olewa na daktari. Nilipokuwa chini nilikisukuma kitabu ndani ya fulana, nikawaachia daftari la rasimu, na walilichana vipandevipande wakishangilia. Kisha walio nje wakatupa ndani nyasi zilizowashwa ili watufukuze. Moshi ulipojaa wakakimbia wao wenyewe. Nilimshika Baba kwapani, Elzéar akashika mguu mmoja kwa mkono wake mzima, tukamtoa kwa nyuma. Shule iliungua mpaka kwenye mawe ya msingi.

Tulimpeleka nyumbani juu ya gari la nyasi la jirani. Ndipo lilipotoka lile gari la nyasi la padre.

Kesho yake walikuja wazee kumi na wawili wa baraza la kuchunguza kifo, jikoni kwetu, tisa kati yao wakiwa watu wa kiwanda. Mama aliwapa supu ya njegere, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Wakaniuliza kama nilimwona akianguka. Nikajibu, "Sikumwona akianguka." Maneno hayo yalikuwa kweli, Dada, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Waliandika kwamba aliteleza, wakashukuru kwa supu.

Msimamizi wa uchaguzi alitangaza kwamba kitabu cha Saint-Ovide kimeungua, na kwamba hawezi kumtaja mshindi. Kiti cha Malbrun kikabaki kitupu. Kitabu nilikificha chini ya ubao wa sakafu hapa ofisini, chini ya meza yangu mwenyewe. Kwa mwaka mmoja na miezi saba nimefanya kazi miguu yangu ikiwa juu ya Baba.

Labda ningeendelea hivyo. Elzéar alikufa kwa homa ya mapafu majira ya baridi yaliyopita, na nilianza kuzoea. Lakini mwezi wa Desemba Bunge la mkoa lilitufuta. Parokia tatu zimekwenda jimbo la mashariki, mbili, yetu ikiwemo, zimekwenda la magharibi, na jina la Malbrun limebaki kwenye mhuri wetu tu. Walisema jimbo lisiloweza kuhesabu kura zake halistahili kuwa jimbo. Wakata magogo walicheza ngoma juu ya barafu siku gazeti la serikali lilipofika.

Bwana Bellavance ameagizwa kufunga makaratasi yote ya jimbo na kuyapeleka Quebec. Katika orodha, mahali pa kitabu cha 1871, inatakiwa hati ya kiapo ya karani kwamba alikiona kikiungua kwa macho yake. Hati imeandikwa tayari. Nimeinakili mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora. Haina sahihi, na inapaswa kuwa nayo Jumamosi.

Bwana Bellavance si mtu mbaya. Aliniambia, "Mwanangu, jimbo halipo. Kitabu cha jimbo lisilokuwepo ni karatasi ya kufungia samaki. Tia sahihi, tukale."

Nikamwambia nitasoma tena nione kama kuna kosa.

"Hujawahi kukosea, ndiyo shida yako," akasema.

Siku ya pili akaja Médard. Alivua kofia yake ya manyoya akaiweka juu ya makaratasi yangu, theluji ikayeyuka juu ya wino.

"Bwana karani, nasikia kuna karatasi inakusubiri."

"Ipo, Bwana Médard."

"Mkono unauma?"

"Hauumi."

"Maana mkono ni kitu cha kutunza. Kambini niliona gogo likiteleza, vidole vinne vikabaki kwenye barafu. Jamaa akabaki na kimoja. Tukamwambia ashukuru, bado anaweza kuchokoa pua." Akacheka, akasubiri na mimi nicheke. Nilicheka, Dada. Kisha akaichukua kofia yake, akaikung'uta taratibu. "Baba yako alikuwa na kichwa kigumu. Nasema kwa heshima. Mimi najua."

Alipotoka nilifuta maji ya theluji juu ya makaratasi. Halafu nikafunga mlango, nikainua ubao.

Mama nilimwambia jioni ileile, wakati anakamua. Nilifikiri nitamwambia jambo jipya. Hakuacha kukamua. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwosha, Cyprien. Gari la nyasi halipigi mtu mara mbili." Kisha akaniuliza kitabu kina unene gani, akaenda kutafuta vitambaa.

Basi sitatia sahihi. Ijumaa, kabla ya mchana, nitaondoka kwa gari la posta kwenda Quebec, na huko nitamtafuta mwanasheria wa Taji, yaani mwendesha mashtaka wa serikali, nimweleze nilichokiona, kwa kiapo. Kitabu sichukui. Wakinikuta njiani watanipata mimi, si yeye. Ndiyo maana kinakuja kwako, Dada, ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo Médard hana mtu wa kumpigia mluzi. Mwanasheria akikitaka nitakuandikia, nawe utakileta kwa mkono wako. Usikipe posta.

Sasa unaweza kukifungua. Ukurasa wa ishirini na mbili, mstari wa mwisho. Lile doa la kahawia ni yeye. Utaona kwamba herufi zangu kwenye mstari ule zimenyooka kuliko zote. Sijui nilifanyaje.

Usinisamehe haraka. Kwanza soma ule mstari.

Nisalimie sana shemeji Ludger, na umwambie nimekuandikia habari za ndama. Nisalimie shangazi Zélire na Mjomba Fabien, na mbusu Alma kwenye paji la uso mara mbili, mara moja yangu na mara moja ya babu yake asiyemfahamu. Mama anakutumia baraka zake zote na soksi mbili. Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake, na akituacha hai tukutane, tukae mezani tukitazamana usoni.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata katika uoga wangu,

Cyprien

Jinsi ya kunipata: Usiandike Saint-Ovide tena, na barua za Mama mwandikie kupitia kwa padre wa parokia ya jirani, si wetu. Mimi niandikie Posta Kuu ya Quebec, Mji wa Chini, barua ya kusubiriwa dirishani. Ukiona Pasaka imefika na sijakuandikia, mpelekee kitabu Daktari Pinsonneault, ambaye sasa anakaa Montreal, mtaa wa Saint-Denis, na umpe mkononi.

Juu ya bahasha usiweke jina langu hata kidogo. Andika: Isidore Lavertu, mkulima. Nitakwenda pale kila Jumatatu saa tisa alasiri. Karani wa dirishani hatoi barua mpaka mtu ataje jina, kwa sauti ya kusikika na wote walio kwenye foleni. Nitalitaja.